Utepe wa Njano

Asubuhi ile Mwalimu aliondoka nyumbani kichwa kimemvimba, na ukweli ni kwamba alikuwa na sababu. Afisa elimu mwenyewe ndiye aliyemwita. Walimu wa shule zote za eneo lile walikuwa wamekusanywa kwenye ukumbi wa shule moja upande wa pili wa mji, na kati ya wote hao yeye ndiye aliyepewa nafasi ya kusimama mbele awafundishe wenzake habari ya akili nyingi. Sketi aliipiga pasi akairudia tena. Ndani ya simu yake mlikuwa na video ya binti yake akisoma, na video hiyo ndiyo aliyoitegemea kuliko maneno yote aliyokuwa ameyapanga kichwani.

Nadharia yenyewe alikuwa ameipata kwenye mafunzo miaka kadhaa nyuma, na ilimwingia moja kwa moja. Ilisema akili si kitu kimoja cha kupimwa kwa mtihani mmoja. Yupo mwenye akili ya maneno, yupo wa hesabu, yupo wa muziki, wa mwili na mikono, wa picha na maumbo, wa kuelewana na watu, wa kujielewa mwenyewe, na wa mimea na viumbe. Mtoto anayeitwa mjinga mbele ya ubao huenda akawa moto wa kuotea mbali akipewa ngoma. Nani asingependa kusikia hivyo? Mwalimu alikuwa ameona watoto chungu nzima wakiambiwa hawana kitu kichwani, na hakuwahi kuyafurahia maneno hayo.

Lakini shule nazo zina mambo yake. Zikiletewa kitu kizuri lazima zikipange foleni. Mkuu wa shule aliagiza mabunda ya utepe wa rangi nane, watoto wakatazamwa kwa wiki chache, kila mmoja akafungwa utepe wake mkononi, na tangu siku hiyo akawa wa rangi ile. Wekundu walipewa vitabu. Wa njano walipewa nyimbo. Wa kijani walipelekwa bustanini, mpaka mzazi mmoja akaja kulalamika kwamba hakumleta mwanawe shule kupalilia. Walimcheka, wakamwambia haelewi elimu ya kisasa.

Binti yake Mwalimu alikuwa wa njano. Nyumbani walimwita Chiriku, jina alilopewa na baba yake, dereva wa malori ya masafa marefu, ambaye kila akirudi alimkuta anaimba na kila akiondoka alimwacha anaimba. Chiriku alikuwa darasa la pili, na herufi zilikuwa zimemkataa kabisa. Kwa muda mrefu Mwalimu aliishi na hofu hiyo peke yake, mtoto wa mwalimu ambaye hajui kusoma, mpaka nadharia ilipokuja ikamtua mzigo. Akachukua kitabu cha darasa la pili, akautungia kila ukurasa wimbo, na Chiriku akakimaliza chote. Akishika kitabu, maneno yalimtoka moja baada ya jingine bila kukwama. Mwalimu alilia siku ile. Akawasha kamera ya simu, akamrekodi, na tangu hapo hakuna mgeni aliyeingia nyumba ile akatoka bila kuoneshwa.

Sasa alikuwa amekaa kwenye ukumbi, kiti cha mbele, akingoja zamu yake, na simu ikatetemeka. Alikuwa Bibi, mama wa mumewe. Siku hiyo shule zilifungwa kwa ajili ya mkutano, kwa hiyo Bibi alikuwa nyumbani na wajukuu wote wawili, Chiriku na mdogo wake, kibonge kimoja ambaye hata kutembea alikuwa bado, wakamwita Bonge. Mwalimu akatoka nje kwenye veranda.

"Mwanangu, mtoto anachemka," Bibi alisema bila hata salamu. "Kaamka sasa hivi, mwili moto, maziwa kayakataa."

"Usiogope, Mama. Tangu jana alikuwa anaanza. Fungua kabati la chumbani kwangu, juu kabisa. Kuna chupa mbili za kahawia. Moja yake ya homa, moja yako ya kikohozi."

"Hizo si mapacha hizo?"

"Zimetoka duka moja, wanazijaza wenyewe, ndiyo maana. Usikisie, Mama. Hiyo yako ni kali. Wewe mtu mzima ukinywa unalala mchana kutwa. Mtoto mdogo akipewa hiyo anaweza kulala asiamke. Umenisikia?"

"Nimesikia. Ila sasa miwani yangu..."

Mwalimu akatabasamu. Bibi alikuwa amekula chumvi nyingi, lakini macho yake yaliona sindano iliyodondoka chini ya kitanda. Likija suala la maandishi tu, miwani imepotea. Mwalimu alishamnunulia miwani zaidi ya mara moja na zote zilipotea. Aliona ni uzee.

"Mpe Chiriku asome," alisema.

Simu ikabadilishwa mikono. Alisikia mlango wa kabati ukilia, kisha chupa zikigongana.

"Mama," Chiriku alisema.

"Ndiyo, mama yangu. Hebu shika chupa moja unisomee ilivyoandikwa. Polepole."

Kisha sauti ikaja, ikipanda na kushuka kwa utamu wake ule ule. "Dawa ya homa ya watoto. Nusu kijiko mara tatu kwa siku. Tikisa kabla ya kutumia. Weka mbali na watoto."

Hata kibandiko cha dawa mtoto huyu alikiimba. Mwalimu alijisikia fahari mpaka akatazama pembeni kuona kama kuna aliyesikia. "Hiyo hiyo. Mpe Bibi ampe mdogo wako kama ilivyoandikwa."

"Mama, mimi..."

"Wananiita mwanangu. Nitapiga nikimaliza."

Na kweli walikuwa wanamwita. Akaingia, akasimama mbele ya ukumbi, na kwa muda mambo yakamwendea vizuri ajabu. Aliwachekesha. Aliwaambia kuhusu mtoto wa bluu asiyejua kuzidisha lakini anayeweza kuchora mtaa mzima bila kukosea mlango. Afisa elimu alikuwa akitikisa kichwa kwa kukubali kila baada ya sentensi. Halafu Mwalimu akaunganisha simu kwenye mashine ya kuonesha picha, na Chiriku akatokea ukutani, mkubwa kuliko mtu mzima, utepe wa njano mkononi, kitabu mapajani, akisoma ukurasa wa mvua. Video ilipokwisha ukumbi ulipiga makofi.

Mkono mmoja ukainuka nyuma. Ulikuwa wa mwalimu mkongwe wa darasa la kwanza, wa shule ile ile ya Mwalimu, ambaye vijana walimwita Babebi kwa sababu mpaka leo alikuwa anafundisha ba, be, bi, bo, bu kana kwamba dunia haijasogea. Baadhi wakaanza kutabasamu kabla hajasema neno.

"Naomba uirudishe kidogo," Babebi alisema. "Pale anapofunua."

Mwalimu akairudisha kwa roho safi.

"Simamisha hapo. Mnaona vidole? Amefunua kurasa mbili kwa pamoja. Zimeshikana. Lakini anayoyasema ni ya ukurasa uliorukwa. Mimi kitabu hicho nakijua." Sauti yake haikuwa na ukali wowote, na afadhali ingekuwa nao. "Mwenzangu, sisemi kwa ubaya. Huyo mtoto hasomi. Anakumbuka."

Ukumbi ukanong'ona. Mwalimu alikuwa na jibu tayari, maana alishawahi kulitoa mara nyingi, kwamba kila mtoto hujifunza kwa njia yake. Babebi hakumngoja.

"Hiyo nadharia sina ugomvi nayo. Inasema kila mtoto anazo zote, kwa kiasi tofauti. Sisi pale shuleni tumewapa moja moja, zilizobaki tumezifungia. Huyo hakunyimwa wimbo, sawa. Lakini herufi amenyimwa."

Mwalimu hakuwa anamsikiliza Babebi tena. Alikuwa anatazama ule mkono ukutani, vidole vidogo vimeshika kurasa mbili kama moja, na masikioni mwake ilikuwa inaimba sauti ya simu. Nusu kijiko mara tatu kwa siku.

Wimbo ule aliutunga yeye mwenyewe. Bonge alipougua mara ya kwanza, akiwa mchanga, Mwalimu alisoma kibandiko kwa sauti ya kuimba huku akimbembeleza, na Chiriku akaudaka siku hiyo hiyo. Chupa ile ilishakwisha zamani, ikatupwa. Hii ya sasa ilikuwa mpya. Bonge amekua, mwenye duka la dawa ameongeza kipimo, ameandika kijiko kimoja mara mbili kwa siku, na Mwalimu alimwona kwa macho yake akiandika. Na ya Bibi ilikuwa vijiko viwili vikubwa. Katika kabati lile hapakuwa na chupa hata moja iliyoandikwa nusu kijiko.

Aliing'oa simu kwenye waya, ukuta ukabaki mweupe, na mbele ya afisa elimu na walimu wote wale akatoka nje bila kuaga.

Simu ya Bibi iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Akampigia fundi cherehani, jirani yao wa mlango wa pili, huyo hakupatikana kabisa. Getini alikuta kijana mwenye pikipiki amejiegemeza anakula karanga. Mwalimu akapanda kabla hajamwuliza kama yuko kazini.

"Kuna moto, dada?"

"Twende. Nitakuelekeza. Twende tu."

Yule kijana, kwa wema wake, hakuuliza tena. Mwalimu alishika simu sikioni kwa mkono mmoja na koti la yule kijana kwa mkono mwingine, na upepo ukamzuia kusikia kama upande wa pili kuna aliyepokea. Alikuwa anamwona Bonge. Alimwona analazwa chali, anafunguliwa mdomo, kijiko kinaingia. Bonge hakatai kitu kitamu. Dawa zote mbili ni tamu, wanatia sukari ile ile. Angelamba kijiko angetaka kingine. Kisha angenyamaza, na Bibi angefurahi kwamba homa inashuka na mtoto amepata usingizi, angemfunika vizuri, angetoka taratibu asimwamshe. Hilo la kufunikwa vizuri ndilo lililomtesa Mwalimu kuliko yote.

Akaanza kuomba kwa sauti. Hakujali anasikika.

Karibu na kwao barabara ilikuwa imezibwa. Lori la saruji lilikuwa limekata kona vibaya na kulala nusu barabarani, watu wamelizunguka kila mmoja na ushauri wake. Mwalimu akashuka, akavua viatu vya kisigino, akapita katikati ya watu kwa viwiko. Mkoba ulimdondoka hata hajui wapi. Alikimbia miguu peku kupitia kinyozi, kupitia duka la vioo, kupitia mafundi baiskeli waliozoea kumwamkia kwa heshima na ambao sasa walisimama midomo wazi. Mwalimu aliyezoea kukemea watoto wasikimbie barabarani.

Alipofika kwenye geti la nyumba yao akasikia mtoto analia.

Bonge alikuwa analia kwa nguvu zake zote, kilio cha hasira cha mtoto mwenye homa na njaa, na Mwalimu alishika nguzo ya geti. Mtoto anayelia hivyo hajalala. Hajafa. Akaingia uani akicheka na kulia kwa pamoja. Bibi alikuwa amekaa kwenye mkeka kivulini, Bonge mapajani, anamkanda kichwa kwa kitambaa kibichi.

"Hamjampa dawa?" Mwalimu aliuliza, anahema.

"Dawa gani? Nasubiri mpaka sasa," Bibi akasema. Alikuwa anamtazama mkwewe miguu. "Viatu viko wapi? Kumetokea nini?"

"Hamjampa kabisa? Hata tone?"

"Nimekwambia nasubiri. Kila nikimwita mwenzake ananijibu, bado Bibi, nasoma. Nikanyamaza. Sasa hata kunijibu hanijibu, nadhani kanuna."

Mwalimu alikuwa ameshanyoosha mikono amchukue Bonge. Mikono ikabaki hewani. Ndipo alipogundua kwamba nyumba ile ilikuwa na kilio tu. Hapakuwa na wimbo. Tangu Chiriku aanze kusema, hakuna saa ya mchana ambayo mtu alisimama uani pale asimsikie akiimba mahali, jikoni, chooni, popote. Akabonyeza simu yake tena, na simu ya Bibi ikaita ndani, chumbani, ikaita na kuita.

Chiriku alikuwa amekaa sakafuni, mgongo umeegemea kitanda, kidevu kimeanguka kifuani. Kijiko kilikuwa bado mkononi, vidole vimelegea. Chupa moja ilikuwa mbele yake, haina kifuniko. Nyingine ilikuwa imewekwa mbali, karibu na mlango, imefungwa, kama mtu aliyeitenga kwa makusudi. Mwalimu akainyakua ile iliyo wazi akaisoma. Dawa ya kikohozi. Watu wazima.

"Chiriku."

Akamtikisa. Kichwa kikaenda kulia, kikarudi kushoto. Akamwita tena, akampiga kofi dogo shavuni, akampiga kubwa. Macho yakafunguka kidogo, weupe tu, yakafumba. Pumzi ilikuwepo. Ilikuja moja, ndefu, kisha ikakaa sana kabla ya nyingine, na katika nafasi hiyo ya kungoja Mwalimu alihisi moyo wake mwenyewe umesimama kuisikiliza. Ikaja. Akangoja tena.

Alimbeba. Mtoto alikuwa mzito kuliko siku zote, mikono inaning'inia. Uani alikutana na yule kijana wa pikipiki, ambaye alikuwa amepenya kwa njia za uchochoroni kuleta mkoba. Alimwona mtoto, akautupa mkoba kwenye mkeka na kugeuza pikipiki. Bibi alikuwa amesimama, Bonge begani, anauliza kitu, anauliza tena, na Mwalimu akampita, akapanda na mtoto kifuani.

Hospitalini walimpokea bila foleni. Daktari, kijana mmoja mwembamba, alishika chupa akaiinua kwenye mwanga.

"Amekunywa kiasi gani?"

"Sijui."

"Ilikuwa imejaa?"

"Sijui, daktari. Bibi yake ndiye anayeitumia."

"Muda gani umepita?"

Hilo pia hakulijua. Yeye aliyejua kila mtoto wa darasani kwake ana akili ya rangi gani, hakuwa na jibu hata moja kuhusu wake. Muuguzi alimshika Chiriku mkono apate nafasi ya kufunga kibandiko cheupe chenye jina la mgonjwa, akaukuta utepe wa njano, akaukata kwa mkasi na kuutupa kwenye ndoo pamoja na pamba. Akafunga kile cheupe mahali pake. Kisha wakavuta pazia, wakamwambia mama asubiri nje.

Mwalimu amewahi kuogopa mambo mengi maishani, lakini yote yalikuwa na kitu cha kufanya ndani yake. Benchi lile halikuwa na cha kufanya. Alisikia mashine ikilia nyuma ya pazia na hakujua mlio wa uzima ni upi na wa hatari ni upi. Kila muuguzi aliyetoka alimtazama usoni akitafuta dalili, na kila mmoja alipita akiangalia mambo yake.

Bibi alifika akiwa na Bonge mgongoni. Walikuwa wamepitia kwenye dirisha la watoto, Bonge amepewa dawa na mwenye kujua, na sasa alikuwa amelala usingizi wa kawaida, anakoroma. Bibi akakaa.

"Nilijua kwamba hasomi," alisema.

Mwalimu akageuka. "Tangu lini?"

"Siku nyingi. Kuna siku nilimpa simu anisomee ujumbe, nikidhani ni wa baba yake. Akatazama juu kwanza, halafu akasema, baba anatusalimu na anatupenda sana. Baadaye wewe ukausoma ukasema ni tangazo la kampuni ya simu." Bibi alirekebisha kitambaa cha kichwani. "Kule kutazama juu ndiko kulikomfichua. Mimi nimefanya hivyo maisha yangu yote."

Mwalimu alimtazama bila kuelewa, kisha akaelewa. "Miwani," alisema.

"Macho yangu hayana tatizo, mwanangu. Hayajawahi kuwa na tatizo. Ile miwani nilikuwa naificha chini ya godoro."

Mwalimu alitaka kukasirika. Ingekuwa nafuu. "Kwa nini hamkuniambia, Mama? Yeye na wewe. Mimi ni mwalimu. Mimi ni mtu wa kuambiwa nini kama si hilo?"

"Tungeanzia wapi? Kila mgeni akiingia, video. Unavyofurahi, unavyowaambia watu. Yule mtoto alikuwa anakuja kulala kwangu siku ambazo wageni wanatarajiwa, tumbo linamkata. Tulikuogopa. Mimi mtu mzima nilikuogopa, sembuse yeye."

Alilisema bila lawama, huku akimpigapiga Bonge mgongoni. Mwalimu aliinamisha kichwa. Siku nzima alikuwa amekimbizwa na hofu, na kumbe nyumbani kwake watu wawili walikuwa wameishi nayo muda wote, na iliyokuwa inawatisha ilikuwa ni yeye mwenyewe akirudi kutoka kazini.

Jua lilikuwa limehamia madirisha ya upande wa pili pazia lilipofunguliwa. Daktari alisema amezinduka. Alisema wamlaze wamwangalie, lakini anapumua vizuri na anajua alipo. Mwalimu aliingia akijikaza, Bibi nyuma yake, akiwa ameapa hatalia mbele ya mtoto.

Chiriku alikuwa mdogo sana kwenye kitanda kile. Midomo ilikuwa imekauka, na sauti ilitoka imekwaruza.

"Bonge hajafa?"

"Hajafa. Huyo hapo mgongoni kwa Bibi anakoroma."

"Sikumpa," Chiriku alisema haraka, kama mtu anayejitetea. "Sikujua ipi. Ile ya Bibi inalaza. Nikasema ninywe moja nisubiri. Nikilala, basi siyo hiyo. Sikulala, nikaongeza. Nikakaa, nikaongeza tena." Akapumzika. "Halafu nikaanza kuona kabati linaenda mbali, nikajua ndiyo ya Bibi. Nikaisukuma ile nyingine kule mlangoni ili Bibi aione. Nilitaka kumwita, mdomo ukakataa."

Mwalimu alisimama ameshika chuma cha kitanda. Kwa mazoea tu, kichwa chake kilianza kutafuta hiyo ni akili ya rangi gani, na alipojikuta anatafuta alijionea aibu mbele ya mtoto ambaye hakujua lolote kuhusu hilo.

"Kwenye simu ulitaka kuniambia kitu."

"Nilitaka kusema sijui." Chiriku alikwepa kumtazama. "Umekasirika?"

"Hapana."

"Watu walipenda video?"

Hapo kiapo kikamshinda. Mwalimu alilia kwa sauti, mkono mdomoni, na Chiriku akamtazama kwa woga, akingoja kuona kilio hicho kitaishia kwenye nini. Woga ule Mwalimu aliuona vizuri kwa mara ya kwanza. Ulikuwepo kwenye video pia, sasa alivyokumbuka, kila alipofunua ukurasa.

Akajifuta, akavuta kiti karibu, akakaa.

Chiriku aliinua mkono wake, akakigeuza kile kibandiko cheupe huku na huku, akiitafuta njano na kuikosa. Akakitazama kwa muda mrefu. Safari hii hakutazama juu.

"Mama," alisema kwa sauti kavu isiyo na wimbo wowote ndani yake. "Hapa wameandika nini?"

Mwalimu alikuwa ameshafungua mdomo kumsomea. Akaufunga. Alichukua kidole cha mwanawe, akakiweka kwenye herufi ya kwanza.

Nyuma yao miguu ya kiti iliburutwa sakafuni. Bibi alikuwa anasogea, Bonge mgongoni, ameinama juu ya kitanda bila miwani yoyote.

"Mkono usiuzibe hivyo," alisema. "Na mimi nione."